Chuma, alumini na maji: jinsi ya kupima joto mahususi jikoni kwako

Shangazi yangu hapiki chapati kwenye kikaango cha alumini. Ana chuma chake cheusi, kizito, ambacho ukikiinua kwa mkono mmoja kiwiko kinalalamika. Alumini, kwa maneno yake, ina haraka lakini haina subira: chapati ya kwanza inaungua, ya pili inatoka mbichi. Nilipokuwa kidato cha tatu nilimpelekea kutoka kitabuni jedwali la joto mahususi, yaani kiasi cha joto kinachohitajika kupandisha kilo moja ya kitu kwa nyuzi moja. Alumini 900, chuma 450. "Shangazi, alumini ndiyo inayobeba joto zaidi, tena mara mbili." Akageuza chapati yake, akasema, "Basi mwambie aliyeandika aje apike."

Jedwali halikuwa na kosa, na shangazi hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyelisoma vibaya, na wengi wanaokariri namba zile kwa ajili ya mtihani hulisoma vibaya vilevile. Dawa niliyoiona ni kuzipima mwenyewe. Huhitaji maabara. Tafuta birika la umeme, mizani ya jikoni, hotipoti ndogo yenye mfuniko, bolti za chuma zenye uzito wa nusu kilo hivi kutoka duka la vifaa vya ujenzi, uzi imara, saa ya simu, na kipimajoto kinachofika nyuzi 100. Kile cha kupimia homa hakifai, kinaishia nyuzi 42, na cha kioo kitapasuka ukikitia kwenye maji ya moto.

Kwanza, joto si halijoto

Kijiko cha chai cha maji yanayochemka kina nyuzi 100. Ndoo ya lita 20 ya maji vuguvugu ina nyuzi 40. Kipi kina joto jingi? Kipimajoto kinasema kijiko, lakini kipimajoto hupima halijoto tu (vitabu vingine huiita jotoridi), yaani ukali wa moto wa kitu, si wingi wa joto lililomo. Ukiviacha vyote vipoe hadi nyuzi 27 za chumbani, kijiko kitatoa juli (kipimo cha wingi wa joto) kama 1,500. Ndoo itatoa zaidi ya juli milioni moja.

Kwa hiyo kila unapotaka kujua joto lililoingia au kutoka kwenye kitu, uliza maswali matatu: ni kitu gani, kina uzito gani, na halijoto yake imebadilika kwa nyuzi ngapi. Zidisha majibu matatu hayo:

joto = uzito × joto mahususi × badiliko la halijoto

(Mwalimu wa fizikia atakutaka useme tungamo badala ya uzito, na ana haki. Hapa tuko jikoni, mizani inasoma kilo.)

Joto mahususi ni jibu la swali la "kitu gani". Ni juli zinazohitajika kupandisha kilo moja ya kitu hicho kwa nyuzi moja. Maji yanahitaji kama 4,200. Barafu 2,100. Mafuta ya kupikia kiasi cha 2,000. Hewa 1,000. Alumini 900, mchanga mkavu na tofali kama 800, chuma 450, shaba nyekundu 385, risasi 130. Angalia maji yalivyoziacha mbali nyingine zote. Vitu vya kila siku vinavyoyapita ni vigumu kuvipata.

Zamani watu waliamini kwamba kitu kizito lazima kimeze joto jingi, kwa kuwa kimesheheni. Zebaki ndiyo iliyowaumbua. Ni nzito mara 13 na nusu kuliko maji, lakini ukiipasha moto hupanda upesi sana, kwa kuwa joto lake mahususi ni 140 tu. Joseph Black, mwanakemia aliyefundisha Glasgow miaka ya 1760, ndiye aliyeona kwamba kila kitu kina uwezo wake wa kupokea joto, na kwamba uwezo huo huwezi kuukisia kwa kukipima kwenye mizani. Lazima ukipashe moto.

Hatua ya kwanza: pima maji kwa birika

Pindua birika tupu usome wati zake chini. Tuseme zimeandikwa 1500. Maana yake kila sekunde linatoa juli 1,500.

Mimina maji kilo moja, ambayo ni lita moja. Pima halijoto, huku pwani maji ya bomba huwa nyuzi 27 hivi. Washa birika na saa kwa pamoja. Usisubiri yachemke. Maji yakianza kutokota, joto jingi huondoka na mvuke wala halipandishi tena halijoto, na hesabu yako inaharibika. Zima yakikaribia nyuzi 80, koroga kwa kijiko cha mti, soma kipimajoto.

Tuseme yamefika 80 kwa sekunde 170. Birika limetoa 1,500 × 170, yaani juli 255,000. Maji yamepanda nyuzi 53. Gawanya: 255,000 kwa 53 ni kama 4,800 kwa kilo kwa nyuzi. Ulitarajia 4,200, hizo 600 zimekwenda wapi? Zimepasha birika lenyewe, nyingine zimetoka na hewa na mvuke. Si aibu. Ukipata 4,200 kamili kwa njia hii, mimi ningekushuku.

Ukipata 6,000 na zaidi, usilaumu maji, laumu umeme. Wati 1,500 ni za volti zilizoandikwa palepale chini ya birika, na wati hazishuki sambamba na volti, hushuka kwa mraba wake. Birika la volti 230 likipewa volti 200, kama inavyotokea jioni mtaa mzima unapopika, wati 1,500 zinabaki 1,130 hivi. Pima asubuhi.

Faida ya pembeni kwa anayenunua umeme wa LUKU au wa tokeni: uniti moja ni juli 3,600,000. Kuchemsha lita moja kutoka nyuzi 27 hadi 100 kunahitaji juli kama 307,000. Kwa hesabu ya karatasi uniti moja inachemsha lita 11 na ushee; kwa birika halisi weka 10. Anayejaza birika ili anywe kikombe kimoja aifanye hesabu hii mara moja tu.

Hatua ya pili: ijue hotipoti yako

Wengi huiruka hatua hii, kisha hushangaa namba zao. Chombo unachopimia nacho kinakula joto. Afadhali ujue kinakula kiasi gani kabla hujakituhumu.

Weka gramu 200 za maji ya bomba kwenye hotipoti, funika, subiri dakika tano, pima. Tuseme ni 27. Pima gramu 200 nyingine za maji ya moto, tuseme nyuzi 80, yamimine haraka ndani, funika, tikisa taratibu, soma halijoto ya juu kabisa itakayofikiwa.

Kama chombo kisingekula kitu, mchanganyiko ungesimama katikati kabisa, 53.5. Wewe umepata 52. Maji ya moto yameshuka nyuzi 28: 0.2 × 4,200 × 28, juli 23,520 zimetoka. Ya baridi yamepanda 25: juli 21,000 zimeingia. Juli 2,520 hazionekani. Hotipoti nayo imepanda nyuzi 25 pamoja na maji ya baridi, kwa hiyo imekula juli 100 hivi kwa kila nyuzi. Andika namba hiyo kwa kalamu chini ya hotipoti, hutairudia kazi hii tena.

Chupa ya chai yenye kioo ndani ingetunza joto vizuri zaidi, lakini usiitumie kwa hatua inayofuata. Bolti moja ikiteleza, chupa imekwisha.

Hatua ya tatu: pima chuma

Funga bolti zako kwenye uzi kama shanga. Pima uzito, tuseme gramu 500. Zitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ziache dakika kumi ili moto ufike hadi kiini. Sasa zina halijoto ya maji yanayochemka, ambayo Dar, Tanga au Mombasa ni nyuzi 100. Arusha ni kama 95, Nairobi kama 94, kwa sababu ya mwinuko. Anayeishi juu asiandike 100 kwa mazoea, apime.

Weka gramu 300 za maji ya nyuzi 27 kwenye hotipoti. Inua bolti kwa uzi, zikung'ute vizuri, zitie, funika, tikisa.

Neno "zikung'ute" nimelisisitiza kwa sababu ndilo linaloharibu vipimo vya watu. Tone la maji ya moto lina joto zaidi ya mara tisa ya chuma cha uzito uleule. Gramu tano za maji zikibaki zimegandamana kwenye nyuzi za bolti, jibu lako linakosea kwa karibu sehemu moja ya kumi. Lakini pia usikung'ute hadi zikapoa. Sekunde tatu, nne, basi.

Tuseme kipimajoto kimepanda hadi 37.5. Maji yamepanda nyuzi 10.5, yamepokea 0.3 × 4,200 × 10.5, yaani juli 13,230. Hotipoti imepanda nyuzi zilezile, imepokea 100 × 10.5, yaani 1,050. Jumla 14,280. Hizo zote zimetoka kwenye chuma, ambacho kimeshuka kutoka 100 hadi 37.5, nyuzi 62.5. Zidisha uzito wake, 0.5, kwa 62.5, unapata 31.25. Gawanya 14,280 kwa hiyo: 457.

Kitabu kinasema 450. Bila kuihesabu hotipoti ungepata 423. Sasa unaona kwa nini nilikusumbua na hatua ya pili.

Angalia pia kilichotokea hapo: nusu kilo ya chuma cha nyuzi 100, ambacho kingekubabua kiganja, imeyapandisha maji gramu 300 kwa nyuzi kumi tu. Rudia kwa kipande cha alumini ukikipata, na kwa jiwe. Jiwe lipashe taratibu, na liwe kavu la bara, si la mtoni wala ufukweni, maana lililoingiwa na maji linaweza kupasuka likipata moto.

Kesi ya shangazi

Namba 900 na 450 ni za kilo kwa kilo. Lakini nani anapika kwa kilo ya alumini? Chuma cha shangazi nilikipima: kilo mbili. Kikaango cha alumini chenye umbo na unene uleule kingekuwa na gramu 690 hivi, kwa sababu alumini ni nyepesi, karibu theluthi moja ya chuma. Sasa zidisha. Chuma: 2 × 450, juli 900 kwa kila nyuzi. Alumini: 0.69 × 900, juli 620. Chuma kimeshinda, ingawa jedwali linaipendelea alumini. Na vikaango vya alumini tunavyouziwa havina hata unene huo. Cha gramu 350 kina juli 315 tu kwa nyuzi.

Tuseme chapati mbichi ikitua inanyonya juli 20,000 upesi kabla moto wa chini haujafidia. Chuma cha shangazi kinashuka nyuzi 22, hakijali. Alumini nene inashuka 32. Ile nyembamba inashuka zaidi ya 60, na hapo ndipo chapati ya pili inapotoka imepauka kama karatasi. Ukiona hivyo unaongeza moto, na kwa kuwa kikaango hakina akiba, kinapanda upesi vilevile na ya tatu inaungua. Haraka bila subira, alivyosema.

Kuna jambo la pili ambalo si joto mahususi, na watu huyachanganya. Alumini hupitisha joto upesi kuliko chuma. Joto mahususi linakuambia kitu kinameza kiasi gani. Upitishaji unakuambia linasafiri kwa kasi gani ndani yake. Ndiyo maana asubuhi ya baridi kitasa cha chuma kinakuchoma kwa ubaridi na mlango wa mbao haufanyi hivyo, ingawa vyote vimelala chumba kimoja na vina halijoto ileile: chuma kinakunyang'anya joto la kiganja upesi. Kwa kuchemshia maji au wali, sufuria ya alumini ni nzuri mno. Moto unasambaa, na akiba ya joto wanayo maji yenyewe.

Kuitumia hesabu

*Maji ya kuoga.* Unataka ndoo ya lita 20 yenye nyuzi 40, maji ya bomba yana 25. Ya moto yana 100. Ya baridi yanapaswa kupanda nyuzi 15, ya moto yashuke 60. Uwiano ni 15 kwa 60, yaani lita moja ya moto kwa nne za baridi: chemsha lita 4, changanya na 16. Watu hubishana kama njia hii inaokoa umeme kuliko kupasha ndoo nzima kwa hita. Kwenye karatasi ni sawasawa: lita 4 kupanda nyuzi 75 na lita 20 kupanda nyuzi 15 zote ni juli 1,260,000, theluthi ya uniti na kidogo. Unachookoa ni muda na hofu ya waya wa hita uliochubuka ndani ya ndoo. Tangulia kumimina ya baridi, ya moto yafuate, hasa kwenye nyumba yenye watoto.

*Mafuta.* Kwa kuwa joto lake mahususi ni chini ya nusu ya lile la maji, kilo moja ya mafuta kwenye jiko lilelile hupanda karibu mara mbili ya kasi. Tena maji yana breki: yakifika 100 yanasimama yachemke. Mafuta hayana breki hapo, yanapita 150, 200, hadi yatoe moshi na kushika moto. Aliyezoea kuacha sufuria ya maji akaenda kuanua nguo asiyazoee mafuta hivyo. Yakishika moto, zima jiko na funika kwa mfuniko. Maji usiyasogeze karibu.

*Kupoza.* Chai ukiimimina kwenye kisahani hupoa haraka, na joto lake mahususi halijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni uso unaoonana na hewa. Kwa hiyo kasi ya kupoa ni mizani ya vitu viwili: akiba ya joto iliyomo na ukubwa wa mlango wa kutokea. Bati la paa lina mlango mpana na akiba ndogo. Mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 0.3 haifiki kilo mbili na nusu, kwa hiyo juli kama 1,100 tu zinaipandisha nyuzi moja. Jua likitoka tu bati linawaka, wingu likipita linalia "ta, ta" likijikunja kwa kupoa. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe wa nyumba za Lamu au Mji Mkongwe una mamia ya kilo kwa eneo hilohilo. Huo unashinda kutwa ukimeza joto bila kuonyesha, kisha unakaa usiku ukilirudisha chumbani. Mwenye nyumba ya hivyo hufungua madirisha usiku, mchana akafunga yanayotazama jua.

Jaribio la mwisho, la ufukweni

Jaza kikombe kimoja mchanga mkavu, kingine maji, uzito sawa. Viweke juani saa nne asubuhi, pima kila baada ya dakika kumi, mchanga upime karibu na uso na pia chini. Mchanga wa juu utakimbia, wa chini utabaki nyuma sana, maji yatapanda polepole yote kwa pamoja. Hapo joto mahususi lina wasaidizi: mchanga haupitishi joto kwenda chini, ilhali maji hupenywa na mwanga, hujichanganya, na hupoteza joto kwa kugeuka mvuke.

Wavuvi wanaishi ndani ya jaribio hilo kila siku. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko bahari, hewa juu yake inapanda, na upepo unavuma kutoka baharini kujaza nafasi. Usiku nchi inapoa upesi, bahari haijashtuka, upepo unageuka na kutoka bara. Huo ndio umande unaosukuma ngalawa kutoka alfajiri. Panua kikombe cha mchanga kiwe bara zima la Asia na cha maji kiwe Bahari ya Hindi, miezi badala ya saa: Asia ikipoa, upepo wa kaskazi unateremka hadi kwetu; ikipata moto, ule wa kusi unapanda. Majahazi ya Oman na Bara Hindi yalipanga safari zake kwa tofauti hiyo karne nyingi kabla ya Black na hesabu zake za joto.

Ukiwa na nafasi, ingia baharini saa kumi na mbili asubuhi ukiwa umevua viatu. Mchanga utakuwa baridi, na maji yatakuwa na vuguvugu la jana.